Nani Anauchomoa Mpira wa Mama?

Nyasho, Musoma
Aprili

Mdogo wangu Luqmani,

Assalaam alaikum. Naamini hapo Bunda u mzima na cherehani inakwenda. Sisi hatujambo, ila mama ndiye kanikalisha niandike.

Unajua tangu kiharusi kimpate katikati ya Ramadhani hamezi wala hasemi, uji unapitia mpira wa puani. Kila jioni nesi Rhobi, jirani yetu, anauweka na mama anatulia kabisa. Kila asubuhi tunaukuta nje. Mama anaisha, Luqmani.

Daktari kasema wa puani ni rahisi kuuweka lakini ni wa muda, unachomoka, na ukipotea njia unaingia mapafuni. Bora wa tumboni: unapitishwa kwa kamera kutoka mdomoni, wanatoboa kidogo tu, na kamera ikishindikana ndiyo wanapasua. Kamera iko Mwanza. Nikamshuku. Ana haraka gani na tumbo la mama?

Lakini niliyemshuku zaidi ni mkeo. Asubuhi mimi nakuwaga sokoni na dagaa, Hasna ndiye anabaki naye. Nilimsikia akisema mama kachoka na mipira. Nikasema moyoni, kachoka yeye.

Jumatatu sikwenda sokoni. Kulipokucha nikajibanza nyuma ya pazia. Hasna alikuwa uani anafua. Mama akainua mkono wake mzima, akauvuta mpira taratibu, akaufunika kwa kanga. Nikatoka nikimuuliza kwa nini anajiua. Akagusa mdomo, akaonyesha juu. Sikuelewa. Hasna, aliyekuja kwa kelele zangu, ndiye aliyemuuliza kama amefunga. Mama akaitikia kwa kichwa.

Idd ilimpita wodini. Hatukupika, hatukuvaa, na hakuna aliyekumbuka kumwambia.

Tukamfanyia Idd yake palepale. Nikamvika dera jipya, Hasna akabandika pilau ili anuse tu, tukaleta takbira wawili tukilia. Hatukungoja jioni, tukamwita Rhobi mchana uleule, na mama akampa pua mwenyewe.

Tumemuuliza habari ya mpira wa tumboni. Akauchukua mkono wangu akauweka juu ya tumbo lake. Alhamisi tunakwenda Mwanza, tutakupitia hapo, uwe tayari.

Wasalimie watoto. Barua hii anakuletea Hasna. Bahasha sijaibandika, na nimemwambia akitaka aisome njiani.

Dada yako,
Shamsia