Ukifunga Mama

Jumatatu, 5 Mei 2025

Programu mpya ya oda za mafundi imeanza leo ofisini. Bosi Mugenyi ametutesa nayo asubuhi nzima. Zamani kila kitu cha mteja kilikuwa na mstari wake, wote sawa. Sasa kuna mstari mkubwa juu, na midogo chini yake imeingia ndani kidogo. Mkubwa tunauita mama. Midogo ni watoto. Friji ni mama. Gesi, mpira wa mlango, safari ya fundi — watoto. Ukifunga mama, watoto wote wanafungwa naye. Mugenyi anasema hiyo ndiyo raha yake.

Raha gani. Oda zote za zamani nimeachiwa mimi, nimtafutie kila mtoto mama yake. Fundi Bwambale ananicheka: "Madamu Nabasa, sasa uko mkunga."

Jumatano, 7 Mei 2025

Bado napanga. Macho yanauma. Mvua haikatiki, huko milimani nguzo za umeme zinaanguka, na simu ya ofisi hainyamazi.

Nimekuta Biira Naome, halafu Naome Biira. Mtu mmoja kaandikwa mara mbili — kazi ya yule msichana aliyenitangulia, akili zake zilikuwa kwenye kucha. Nimewaunganisha. Namba za simu nimeziacha zote mbili. Chini ya jina lake kulikuwa na friji, na betri inaelea peke yake. Nimeiweka chini ya friji. Sasa ina mama. Nilijisikia vizuri, kusema kweli.

Ijumaa, 9 Mei 2025

Biira Naome wa Bwera kapiga simu. Anauza samaki karibu na mpaka wa Kongo. Friji yake tusiitengeneze tena: "Muache tu ile, niko na ingine, imetoka Beni." Nikafunga mama. Programu inataka sababu. Nikachagua "ombi la mteja". Ujumbe kwa mteja inautuma yenyewe, kwa namba zake zote. Nikaenda kula.

Jumanne, 13 Mei 2025

Bwambale karudi kutoka Maliba, ananiuliza betri ya kule Mahango, mlimani. Ilikuwa kwenye kazi zake, sasa haimo. "Nilifikiri mulituma mutu mwingine." Betri ya nini? Ya mashine ya hewa, akasema. Kuna mama mzee huko, Tabisa, mapafu yameharibiwa na moshi wa jikoni. Umeme ukikatika, betri ndiyo inamsaidia kupumua. Binti anayemuuguza anaitwa Naome Biira.

Nikafungua programu: betri iko chini ya friji ya Bwera, niliyoifunga Ijumaa.

Biira ni jina la msichana wa pili kwa mama yake, basi. Kwa Wakonzo kila nyumba ina Biira. Nimekulia hapa Kasese, kambini kwa askari, darasani nimekaa na Biira kushoto na Biira kulia. Nilijua! Na Naome ni jina la kanisani, wamejaa tele. Nilijua yote hayo na bado nikawafanya mtu mmoja.

Bwambale ameifunga betri kwenye pikipiki, kaondoka na mvua hiyohiyo.

Jumatano, 14 Mei 2025

Bwambale alikuta wanatoka kumzika Tabisa. Umeme ulikatika Jumapili. Wakampa chai. Wakamshukuru kwa kupanda mlima na mvua.

Nimemweleza Mugenyi. Hakupaza hata sauti. Akasema nisiguse kitu. Imeandikwa ombi la mteja, basi ni ombi la mteja. Ofisi ikifungwa kwa ajili yangu, kina Bwambale watakula nini?

Nikajibu ndiyo, bosi. Najichukia.

Jumamosi, 17 Mei 2025

Sili. Baba kaniuliza nina nini. Nikamuuliza enzi zao jeshini askari aliyekosea alifanya nini. "Anatoka mbele ya mstari, anataja jina lake." Halafu? "Halafu anapigwa." Akaendelea kumenya ndizi.

Jumatatu, 19 Mei 2025

Biira wa Mahango yuko hapa. Naandika nikiwa jikoni mwa ofisi. Mugenyi kanituma chai.

Simu yake ilizimika siku umeme ulipokatika. Baada ya mazishi kaka yake mkubwa, Zedekia, akaipeleka kuchaji. Akakuta ujumbe wetu wa Ijumaa, ambao Biira hakuwahi kuufungua, akausoma mbele ya ukoo: betri imefungwa, ombi la mteja. Mteja ni Biira. Sasa wanasema alichoka kumuuguza mama yao, akaikataa betri kusudi. Wamemtoa nyumbani. Amekuja na mfuko mmoja.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. "Banasema ni mimi nilipiga simu. Dada, uangalie kwa mashine yako. Ile wiki sikulala, pengine nilipiga nikasahau. Kama ni mimi, uniambie tu."

Mugenyi alikuwa mlangoni, anasikia. Kanifuata huku jikoni. "Biira Naome alipiga, akasema muache. Kweli au si kweli?"

Kweli. Ndicho kinachonitisha. Naweza kwenda pale, nikasema neno la kweli kabisa, na yule mwanamke akaamini mpaka kufa kwake kwamba alimuua mama yake.

Maji yamechemka. Nasikia Biira amempigia Zedekia, kaka anayemwita yaya, kamweka kwenye spika.

"Ungoje, yaya. Usikate. Dada wa ofisi anakuja na chai. Yeye ndiye anajua."