Wimbo Niliompa Denisi

Jumamosi, Agosti 1993

Mara kumi na nne leo. Kila nikimaliza kurekodi kaseti moja ya bendi ya Denisi, mtu mwingine anasimama dirishani: "Dada, rudia ule wa kwanza." Hapa Msamvu wanaucheza hadi barabarani, magitaa ya umeme yakilia juu ya ngoma za kwetu mlimani. Hata mwenye duka, asiyependa muziki, anaupiga mluzi.

Hawajui wanaimba nini. Ni wimbo wa ndani, tunaofundishwa wasichana tukichezwa unyago, na mwanamume hatakiwi kuusikia. Mimi ndiye niliyemwimbia Denisi, mpangaji mwenzangu, jikoni, alipokuwa akitafuta nyimbo za zamani. Nilitaka tu aone kwamba na mimi najua kitu.

Sasa siwezi kumwambia aufute, umeshafika Dar. Wala siwezi kukataa kuurekodi, ndiyo kazi yangu.

Leo Bibi ameshuka kutoka mlimani kuuza kabichi, akapitia dukani kunijulia hali. Nikamwamkia, huku mkono unatafuta kitufe cha kuzima. Mteja akanizuia. "Iache, dada, ndiyo inafika penyewe."

Bibi aliusikiliza mpaka mwisho, ncha ya kanga mdomoni. Hakufoka. Angefoka ningepumua. Aliinama dirishani, akaniuliza polepole:

"Huyu kaka anayeimba, yeye alichezwa lini?"

Nyuma yake yule mteja akasema nirudie.

Nikarudia.