Thamostati ya nyuzi themanini na mbili

Jumapili, 6 Oktoba

Injini mpya ya Starlet yangu imekufa jana, Jumamosi, saa saba na dakika kumi mchana, mlimani, baada ya kupita Kiranjeranje. Miezi kumi na moja ya kazi. Ilikuwa imetembea kilomita 412 tu tangu niifunge.

Leo nimefungua gereji saa moja kama kawaida. Nimefagia. Nimebadilisha breki za Noah moja, nimeziba pancha mbili. Watu wa Nangurukuru hawana haya. Kila anayeshuka basi anapita kuitazama Starlet iliyoletwa kwa kamba nyuma ya lori la korosho. Muuza chapati wa stendi kaniuliza kama ni kweli ilikuwa inakwenda kama ndege. Nikamwambia ni kweli. Akasema, basi imetua.

Niandike hesabu kabla hasira haijazifuta. Gari lina kilo 820. Injini yake ya zamani ya kabureta ilikuwa na nguvu za farasi 70 na kidogo. Hii ya turbo, niliyoitoa kwenye nusu gari lililokatwa Japani, ina 130. Nimebadilisha gia boksi, breki za mbele, rejeta. Waya 64 nimeziunga mwenyewe, kila mmoja na lebo yake. Sikusoma chuo. Sikurithi gereji. Nilianza kwa kuosha nati kwa petroli.

Kiti cha pembeni alikaa Mwalimu, anafundisha sekondari Lindi. Ana Starlet yake, na wenzake wawili wana zao. Alitaka kuona yangu ikipanda mlima kabla hajaniletea zote tatu nizifunge injini kama hii. Ameiona ikifa.

Na hili sijamwambia mtu. Mshale wa joto niliuona ukipanda. Sikusimama palepale. Nilikwenda dakika mbili zaidi, kwa sababu Mwalimu alikuwa anatabasamu.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimepima kompresheni. Silinda ya kwanza 165, ya pili 160, ya tatu 55, ya nne 50. Gasketi ya hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, imeungua kati ya silinda ya tatu na ya nne. Hedi nimeilaza kwenye kioo. Imepinda milimita 0.25. Inaruhusiwa 0.05. Mara tano.

Kisha nikafungua nyumba ya thamostati. Tupu.

Mafundi wote wa pwani hii wanaing'oa. Ni kidude chenye springi, kinakaa kwenye njia ya maji, na sisi tumekiona adui siku zote. Gari likichemka kidogo: toa thamostati, maji yapite huru. Nilifundishwa hivyo. Nimeng'oa sijui ngapi. Gari za zamani zinavumilia. Hii haivumilii. Ina njia mbili za maji, moja ya kwenda kwenye rejeta, nyingine ya kurudi ndani ya injini moja kwa moja. Joto likifika nyuzi 82 thamostati inafungua ya kwanza na kuiziba ya pili. Ukiing'oa, maji ya moto yanapata njia ya mkato. Yanazunguka yaleyale bila kupoa. Kwenye tambarare huoni kitu. Mlimani unapika injini.

Niliifunga mpya kwa mkono wangu. Niliikwaruza tarehe kwa ncha ya msumari.

Gari limetoka mikononi mwangu mara moja tu. Alhamisi iliyopita nilimpa shemeji yangu Shabani, kaka wa mke wangu Zuhura, aende nalo Kiranjeranje kumsalimia baba yao, injini ipate kulainika. Alilirudisha jioni, limeoshwa.

Kifuniko kimefungwa kwa gundi nyekundu. Mimi natumia ya kijivu. Na chini ya vichwa vya bolti zote mbili kuna uzi wa katani, umepakwa grisi, umezungushwa mara tatu. Ni mtu mmoja tu ninayemjua anayefunga bolti namna hiyo. Alinifundisha mimi nikiwa na miaka kumi na sita.

Mzee Nammanga. Baba yake Shabani. Mkwe wangu.

Jumanne, 8 Oktoba

Shabani kaja saa tatu, mikono mfukoni. Nimemuuliza nani alifungua. Hakunitazama.

“Shemeji, mimi dereva. Boneti hata siijui inafungukia wapi.”

Mwongo. Amekulia chini ya magari.

“Gari dogo hili,” akaendelea, kwa sauti ya kusikiwa na stendi nzima. “Umemvalisha mtoto kanzu ya babu yake. Lazima ajikwae!”

Watu wakacheka. Nilikuwa na spana namba kumi na nne mkononi. Nimeiweka chini. Naandika kwamba niliiweka chini.

Saa nane Mwalimu akapiga simu. Nikamweleza, thamostati ilitolewa bila mimi kujua. Akaniuliza ni nani aliyeitoa. Jina sikulitaja. Akasema kila fundi gari likimfia husema kuna mtu kaligusa. “Mtu asiye na jina, fundi, hayupo.” Jumamosi hii anaamua. Yupo fundi mwingine Mtwara anaweza kumwita.

Usingizi sina.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimekwenda Kiranjeranje. Sikumuaga Zuhura, nilijua atasema nini.

Mzee alikuwa chini ya pikapu, miguu tu nje. Nikaipa shikamoo miguu yake. Marahaba, akasema, karibu baba, kaa. Akatoka, akanawa kwa mafuta ya taa, akaniletea kiti kizuri na yeye akakalia ndoo. Tuliongea habari za korosho, afya za watoto, mvua zitawahi au zitachelewa. Dakika arobaini. Ya injini hakuiuliza hata moja. Kilwa yote inaulizia injini yangu, yeye haulizii. Hilo peke yake lilikuwa jibu.

Mkwe haulizwi. Mkwe hata jina lake silitaji mbele yake. Na huyu ndiye aliyenipa spana ya kwanza.

Kisha nikaliona kopo. La maziwa ya unga, liko juu ya benchi lake miaka yote, anatupia humo thamostati anazong'oa. Anaziita vizibo. Huwaonyesha wateja: tazama magari niliyoyaokoa. Ya juu kabisa ilikuwa inang'aa. Mkwaruzo wangu wa msumari niliusoma kutoka nilipokaa.

Mzee alifuata macho yangu. Akainuka, akachukua kitambaa cha kufutia mikono, akalifunika kopo taratibu, kama anafunika chakula. Akarudi kwenye ndoo yake. Akaniuliza kama nitakula.

Nimekula. Wali na choroko. Sikusikia ladha.

Nimerudi kwa mchomoko, teksi ya abiria wa kuchangia, nikiwaza njia nzima. Hakuniibia. Hakunionea wivu. Alidhani ananisaidia, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu wizi ningejua la kuufanya. Hasira yangu ni kwamba anajua, na ameniacha nichekwe siku nne. Shabani naye si mjinga. Anapiga kelele stendi ili watu wanitazame mimi, wasimtazame baba yake. Ningekuwa yeye ningefanya hivyohivyo. Bado simsamehei.

Nilipofika, Zuhura alikwishajua. Wamempigia.

“Unataka kumuuliza baba yangu? Kwa mdomo upi?”

Nikamwambia hesabu. Magari matatu, jina moja, siku tatu. Akasema jina la baba yake nalo ni moja.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimetengeneza Vitz ya mhudumu wa zahanati, imewaka kwa jaribio la kwanza, sikufurahi wala sikuchukia. Jioni Zuhura ameleta chai gereji bila kuitwa. Kaniuliza mshale ulipoanza kupanda mimi nilifanya nini. Hajawahi kuniuliza swali la injini. Nikamwambia kweli. Dakika mbili.

“Basi mwandikie baba barua, na hizo dakika mbili uziandike,” akasema. “Hapo nitampelekea.”

Nimeandika kwa peni, si kwa simu. Mzee hasomi ujumbe wa simu. Zuhura anaondoka na gari la kwanza asubuhi. Nanakili hapa ili nisije kusema baadaye kwamba niliandika vingine.

Baba, shikamoo. Nakuandikia kwa sababu mbele yako mdomo wangu haufunguki, na hivyo ndivyo inavyopaswa. Thamostati ya Starlet nimeiona kwenye kopo lako. Najua uliitoa kwa nia njema, nami ningeitoa vilevile kama nisingesoma kitabu cha injini ile. Kosa si lako peke yako. Mshale ulipanda nikauona, nikaendelea dakika mbili kwa ajili ya sifa. Mwalimu nitamwambia hilo mimi mwenyewe, usiku huu. Lakini anataka jina la aliyefungua, na jina hilo sitalitamka mimi. Ni lako, ulitamke wewe. Nakuomba umpigie simu, Zuhura anayo namba, umwambie ni wewe. Utafanya hivyo, ndiyo au hapana? Sitaki salamu, wala neno la kupitia kwa Shabani. Neno moja, mpe Zuhura mkononi, kesho Ijumaa, kabla ya adhana ya adhuhuri.