Tisa Niliyojipa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta u mzima, na Baba naye kifua chake kimetulia. Mimi afya ninayo, raha ndiyo sina.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umesema lile gego nililokuzibia linatafuna vizuri, ila jino lililo pembeni yake linakuchoma ukinywa maji baridi, hata uzi siku hizi unaukata kwa meno ya upande wa pili. Umesema ni uzee. Mama, usiusingizie uzee kabla hujanisoma hadi mwisho.

Hapa chuoni kabla mwalimu hajachungulia kinywa cha mgonjwa, mwanafunzi hujipa alama mwenyewe, kumi ikiwa ndiyo ya juu. Kisha mwalimu huandika yake kando. Zikipishana sana unapunguziwa, kwani mwalimu wetu husema daktari asiyejijua ni hatari kuliko asiyejua kazi. Hututania kwamba nyani haoni kundule, na nyani hao ndio wanaotaka kutibu watu. Mwanzoni wengi wetu tulijipa tisa tukaambulia tano.

Siku uliyokuja ulikaa kitini ukiwatangazia wenzangu kwamba huyu ni kitindamimba wako. Nilijipa tisa. Mwalimu akachungulia, naye akaandika tisa. Akanisifu mbele ya darasa zima kwamba najipima kwa haki, nawe ulikuwa unacheka upande mmoja kwa sababu ya ganzi. Najua kila mteja aliyekuletea kitambaa tangu siku hiyo amesimuliwa.

Mama, ile tisa ilikuwa ya uongo. Nilipokuwa natoboa, mkono uliteleza, mashine ikalikwaruza lile jino la pembeni, ambalo lilikuwa zima kabisa. Niliona. Ningemwita mwalimu palepale, lakini ulikuwa unanitazama kwa fahari, nikaona aibu. Nikajitia hamnazo, nikaziba haraka, na mkwaruzo ukafichika katikati ya meno mawili. Huo si uzee, ni mimi.

Jana nilimweleza mwalimu yote. Hakunifokea. Amefuta ile alama na kunizuia kugusa wagonjwa. Wenzangu watahitimu, mimi nitarudia mwaka. Aliniuliza leo ningejipa ngapi. Nikasema sifuri. Akasema hiyo nayo ni uongo, kwani kuziba niliziba vizuri. Kosa langu ni kunyamaza.

Tafadhali njoo Jumatatu, mwalimu mwenyewe atalitibu jino hilo. Ukitaka niwepo nitasimama karibu nawe, usipotaka nitakaa nje.

Msalimie sana Baba. Msomee barua hii yote, usiruke mahali. Ulipoinuka kitini siku ile ulinishika mkono ukanishukuru, nami nikaitikia. Hilo linaniuma kuliko mwaka nilioupoteza. Nisamehe, Mama.

Ni mimi mwanao,
Kitindamimba wako