Nilimuuliza Lugha ya Mama

Alhamisi, Ngara mjini. Mvua ilianza kabla sijaamka na haijaonyesha nia ya kuondoka. Nimejibanza kwenye kibanda cha intaneti karibu na stendi, sweta limelowa, na mtandao unakwenda mwendo wa kinyonga. Heri hivyo. Ninachotaka kuandika sina haraka nacho.

Nina hatia. Tangu Jumanne nimejaribu kuisema kwa namna nyingine, nikashindwa.

Kwa wasionifahamu: mimi ni mtoto wa Nyantakara, Biharamulo. Nimemaliza chuo mwaka huu, somo la isimu, shahada ambayo baba yangu mpaka leo anaamini ni ya ualimu, nami nimemwacha aamini. Kazi nimepata moja tu, ya mafunzo, miezi mitatu, kwenye mradi wa kamusi ya Kihangaza, lugha ya huku Ngara. Nazunguka vijijini na kinasa sauti na orodha ya maneno mia nne. Kichwa, jicho, mvua, kuchuma maharage. Kila mzee ninayemrekodi namjazia fomu: jina, umri, kijiji, lugha ya mama.

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyoniponza. Hapana, nisijihurumie. Ndiyo niliyomponza nayo mtu.

Bibi Anastazia anaishi kijiji kimoja upande wa Mabawe, jina la kijiji nalihifadhi. Ndiye msemaji bora niliyempata. Orodha yote aliimaliza kwa asubuhi mbili, akinisahihisha matamshi na kunicheka kila nilipochomeka Kisubi changu cha nyumbani. Tukafika kwenye fomu. Nikamuuliza lugha ya mama ni ipi. Akajibu bila kusita kwamba ni Kirundi.

Kisha akaanza kunisimulia habari za mama yake. Alivyoolewa kutoka ng'ambo ya mto, Burundi, zamani sana, kabla ya vita na kabla ya kambi, na kikapu cha mbegu za mtama kichwani. Alivyomzaa yeye Anastazia papa hapa, kwenye nyumba iliyokuwa pale penye migomba.

Nilielewa palepale. Sisi wa darasani tukisema lugha ya mama tunamaanisha lugha aliyokulia mtu. Bibi alisikia nilichosema. Lugha ya mama. Mama yake. Nani atamlaumu?

Nilielewa, nikacheka, nikaandika Kirundi. Kinasa sauti nikakizima kuokoa betri, maana habari za mama hazikuwemo kwenye orodha. Mkataba ulinitaka wazee ishirini na yeye alikuwa wa kumi na tisa. Nikajiambia nitarekebisha nikifika mjini.

Sikurekebisha.

Kibali chetu kinataka nakala za fomu zibaki ofisi ya kijiji. Na hali ya huku mnaijua. Kambi zimejaa wakimbizi, na nje ya kambi kila anayeongea kama wao anatazamwa mara mbili, ilhali Kihangaza na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Jumanne nilikwenda pale ofisini na Daktari, msimamizi wangu, kuaga. Tukamkuta Bibi kwenye benchi, amevaa kanga yake ya kanisani, mikono mapajani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kuniuliza habari za Nyantakara kama siku zote.

Mtendaji alikuwa na fomu mezani. Mwandiko wangu. Akasema mama huyu ameishi kama raia miaka yote, kumbe karatasi ya wasomi inasema ni Mrundi. Ijumaa alete watu wawili wanaomjua tangu kuzaliwa, la sivyo atapelekwa kambini. Bibi ana zaidi ya miaka sabini. Watu wanaomjua tangu kuzaliwa akawafukue wapi?

Bibi akasema polepole, "Mwarimu aliniuriza ya mama. Mama ameshakufa. Ya kwangu hakuniuriza."

Mtendaji akanigeukia, akataka kujua kama ni kweli. Daktari naye akanitazama. Jumamosi anachagua mmoja wetu sisi wa mafunzo wa kuendelea na mradi mwaka mzima, na tuko watatu.

Nikasema, "Ndivyo alivyojibu."

Sentensi nzima ni ya kweli, na sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko huo.

Kwenye fomu zetu mzee anayerekodiwa huitwa mtoa taarifa. Nimeliandika neno hilo mara ishirini bila kulifikiria.

Mtoa taarifa ni mimi.

Daktari alibaki akinywa chai na mtendaji, nami nikamsindikiza Bibi kwake. Njia nzima aliniongelesha habari za maharage. Tulipofika, mbuzi wake alikuwa amekata kamba na yuko katikati ya hayo hayo maharage. Bibi akamfokea Kihangaza cha kutisha, maneno ambayo hayamo kwenye mia nne yangu na ambayo kamusi yetu haitathubutu kuyachapa. Mtu akiwa na hasira hachagui lugha. Kama ningekuwa na akili, swali langu lingekuwa hilo: Bibi, mbuzi akila maharage unamtukana kwa lugha gani?

Halafu akanishika mkono. "Wewe una sauti yangu kwenye kire kidude. Ijumaa uje uwapigie, wasikie mimi ni wa wapi."

Hajui kwamba nilikizima alipoanza kusimulia alikozaliwa. Akanipa chane ya ndizi, nami nikapokea. Hilo nalo naliungama.

Jana nilisikiliza rekodi yake yote. Mwisho kabisa namsikia akisema, "Kirundi. Mama yangu ari..." halafu kimya. Hicho ni kidole changu.

Leo asubuhi nimemwandikia mtendaji barua, na nakala kwa Daktari. Mara ya kwanza nilianza hivi: kulitokea hitilafu katika ujazaji wa fomu. Nikafuta. Miaka mitatu ya sarufi na nilichojifunza vizuri ni kumficha mtenda. Sasa inasema nilimuuliza vibaya, nikajua amenielewa vipi, nikaandika hivyo hivyo, na mbele yenu nikauficha ukweli. Nimekagua na fomu nyingine. Wako wawili zaidi walioandikwa Kirundi, mmoja yuko Mugoma, na majina yao nayo nimeyaweka ndani ya barua. Ya mtendaji nitampa mkononi kesho; nakala ya Daktari nimeisukuma chini ya mlango wa chumba chake kabla ya kuja hapa, ili woga wangu usipate pa kurudi. Huo mwaka mzima pengine ndio umekwenda.

Nikakumbuka fomu niliyojaza mimi mwenyewe siku ya kuanza kazi. Lugha ya mama: Kisubi. Mama yangu ni Mzinza. Hakuna aliyeniita ofisini.

Maneno yale matatu ya Bibi yapo, "Mama yangu ari", na yaliyobaki nitayasema mimi kwa mdomo wangu, mbele ya yeyote atakayekuwepo. Nikitoka hapa napitia dukani kununua betri mpya.

Kesho ni Ijumaa.