Maji ya Bibi Ng'washi

Alhamisi, 11 Novemba 1999

Kazi ya ajabu leo. Dada Getruda, yule mwalimu wa kwaya, kaja studio. Hataki kanda ya saa tatu. Anataka nusu dakika! Mdogo wake Shigela anaoa huko Kanada Jumamosi ijayo, na mama yao hawezi safari – hata kutoka kitandani ni kwa shida. Kwa hiyo nimpige mama video akitoa salamu, halafu Msafiri wa kituo cha intaneti aiingize kwenye kompyuta na kuituma kwa barua pepe.

Nikapita kwa Msafiri kuuliza. Akanionyesha mfano: kapicha kadogo kama stempu, watu wanatembea kwa kushtukashtuka. Anasema huko duniani ndiko kazi yetu inakokwenda, fupi na ndogo, maana ikiwa nzito haifiki. Mimi niliyezoea kupiga harusi tangu kupaka hina mpaka bibi harusi anasinzia kitini! Nimenuna njia nzima. Lakini nimekubali.

Jumamosi, 13 Novemba

Nimetoka Ilemela. 

Nyumba iko juu kabisa kwenye mawe, nikapanda na kamera begani. Bibi Ng'washi amekonda, macho tu ndiyo makubwa. Shikamoo bibi. Marahaba, habali za mjini. Getruda alishamvisha gauni la kanisani na kumkaririsha: mwanangu hongera, Mungu awabariki, wasalimie wakwe. Akasema vizuri, kwa Kiswahili. Nikajua tumemaliza.

Bibi akauliza, Shigela yuko humo? Getruda akacheka, ndiyo mama, anakuona. Basi akaomba maji. Tukadhani ana kiu. Akajaza mdomo, akaikazia kamera macho – akapuliza.

Nikageuka. Sikufikiri! Marehemu baba alinifundisha hivyo tangu tunapiga picha za mnato: kwanza kamera, wewe baadaye. Maji yote yakaishia begani na shavuni kwangu.

Bibi akasema neno moja kwa Kisukuma, akageukia ukutani. Nikauliza, amesemaje? Getruda akasema si kitu, twende. Njiani akaniambia nisijali, salamu zipo, na mambo ya kubariki kwa maji ni ya zamani. Wakwe wazungu wangetuonaje?

Jumapili, 14 Novemba

Hata mama yangu, ambaye si Msukuma, kanigombeza. Baraka ya mzazi unaikwepa, Najat? Nimeiangalia kanda. Bibi, mdomo umejaa. Kisha ukuta, kalenda, ukuta.

Jumatatu, 15 Novemba

Nimemfuata Getruda shuleni anakofundisha, wakati wa mapumziko, nikambana. Akawa anaangalia chaki mkononi. Neno lenyewe lilikuwa: amekataa.

Yaani Shigela. Bibi anaamini mwanawe kageuza uso, kaikataa baraka yake. Tangu juzi hagusi uji. Getruda amemweleza kwamba aliyegeuka ni Najat, ni kamera tu ile. Anajibu: nilimwona.

Naona aibu isiyo na mfano. Bega ni langu, na lawama kabebeshwa mtoto wa watu aliye ng'ambo, wala hajui.

Jumatano, 17 Novemba

Nimesema tukarudie. Getruda hataki. Mama amechoka, salamu zinatosha. Nikamwambia zinakutosha wewe, dada, mama hazimtoshi. Tumegombana kweli, mimi na mtu aliyenizidi umri! Akanipa mgongo akaondoka.

Jioni karudi mwenyewe, kasimama mlangoni tu. Akasema, mama hata maji hataki sasa. Njoo Ijumaa asubuhi, nitakuwa nimeomba ruhusa.

Ijumaa, 19 Novemba

Naandikia hapa kwa Msafiri, kwenye kiti cha plastiki. Laini ya simu imekatika, tunangoja.

Asubuhi bibi hakutaka hata kuitazama kamera. Nikapiga magoti, nikaisogeza karibu kabisa na uso wake. Getruda akainama, akamwambia kwamba Shigela amerudi kuomba baraka. Sikutegemea hilo kutoka kwake.

Bibi akaigeukia kamera. Kisha akanyoosha mkono apewe kikombe. Maji mengi yalimtoka pembeni mwa mdomo, Getruda akawa anamfuta. Yaliyobaki akayapuliza. Hayakuwa na nguvu, lakini yakatua kwenye lenzi. Sikusogea! Akakitazama kioo, akasema, amepokea. Akaomba uji.

Nililia pale pale, kamera mkononi. Kamera yenyewe imezimika nikishuka mlimani, sijui kama itapona. Kanda ni nzima.

Sasa lazima ifike, la sivyo tumemdanganya mzazi kitandani. Na harusi ni kesho.

Msafiri alijaribu kutuma yote, salamu na maji. Ikafika nusu, laini ikakatika. Anasema ni nzito, nichague kipande kimoja. Salamu ni safi, uso unaonekana, maneno yanasikika. Ya maji ni ukungu mtupu, wageni hawataelewa wanaangalia nini. Nimemwambia aondoe salamu, abakize maji. Kaniuliza, mwenye kazi anajua? Nimemwambia Getruda yuko njiani.

Laini imerudi.

Getruda ameingia. Msafiri kamgeuzia kompyuta. Kwenye kale kadirisha kadogo mama yake haonekani, ni matone tu na kivuli cha uso nyuma yake. Mwalimu, nitume hii? Mkono wa Msafiri uko kwenye kitufe.

Ameshika ncha ya kitenge, anafuta kioo cha kompyuta, polepole. Nimemwambia, dada, maji yapo ndani ya picha.

Bado anafuta.