Gololi ya Shemeji

Jumatatu, 16 Oktoba

Duane kaja leo. Kaka yake Arlene, marehemu mke wangu. Tangu mazishi hajakanyaga hapa. Kaleta chuma cha kuvutia trela, na gololi yake juu, kimepakwa rangi mpya. Eti zawadi. Duane na zawadi!

Kasikia nataka kumpeleka Juniper kwa binti yangu Twyla, kule Lusk, kabla ya theluji. Kasikia kwa nani? Mimi sijamwambia.

Juniper ni farasi wa Arlene. Duane alimtaka siku ile ile ya mazishi, tumetoka kaburini tu, sahani ya viazi vya jibini mkononi. Nikakataa.

Kachomeka chuma kwenye tundu la nyuma ya pikapu yangu, kakipiga teke. "Kimeingia kama mguu kwenye soksi, shemeji! Mimi ninacho pacha wake kwenye gari langu. Nilivinunua pamoja."

Nikamuuliza unataka nini. Kacheka. "Kahawa. Au nayo ni ya urithi?"

Nikampa. Anakunywa, macho yote zizini.

Jumanne, 17 Oktoba

Siku nzima kuzoa mavi ya ng'ombe. Upepo. Rangi mpya ya nini? Mtu anapaka rangi akiwa anaficha kitu.

Jumatano, 18 Oktoba

Nimepita kwa Lyle, duka la spea. Kauliza kikombe cha trela, kile kinachokaa juu ya gololi, ni cha saizi gani. Sijui. Maandishi yameliwa na kutu. Kasema hapo ndipo watu wanapofia. Gololi ndogo inaingia kwenye kikombe kikubwa bila shida, komeo linafunga, unaondoka unapiga mluzi. Ukikanyaga shimo barabarani, trela inaruka inakwenda zake.

"Funga, halafu ipandishe na jeki, mzee. Kikombe kikinyanyua matako ya gari, sawa. Kikichomoka, hiyo si trela, ni jeneza."

Halafu huyo, kanionyesha gololi mpya za kuuza! Nikatoka. Naye ana lake.

Alhamisi, 19 Oktoba

Nimefunga trela. Komeo likalia kaa! Safi. Kwa macho huoni kosa. Nikaweka jeki chini ya shingo, nikazungusha. Matako ya gari yakanyanyuka kidogo — nikaona haya, nimemdhania mtu vibaya. Mara paa! Kikombe kimechomoka. Komeo bado limefungwa! Juniper kashtuka, kazunguka zizi lote.

Kumbe! Duane alitaka nimpoteze Juniper njiani? Au nishindwe, nikamwambie haya mchukue wewe? Mtu amekulia na farasi, hajui gololi?

Nikarudi kwa Lyle mbio, nikachukua kubwa. Hata hakunicheka.

Jioni Duane kapiga. "Vipi, imekaa?" Nikasema imekaa. Makusudi. Jumamosi nitamwita, nipandishe jeki mbele yake, nimwangalie usoni.

"Mbona sauti imelegea, shemeji? Umechoka?"

Nikasema kazi.

Ijumaa, 20 Oktoba

Nimerudi kutoka kazini. Lango limefungwa vizuri. Zizi tupu. Trela hakuna.

Mwizi! Nilijua! Nikapiga simu yake, haipokelewi. Nikampigia mkewe, Marlys.

"Ah, hakukuambia? Alitaka ushtukie tu. Kasema shemeji Verl amechoka, sauti yake imekwisha, barabara ile ndefu, ngoja nimpelekee mwenyewe. Kabeba na tandiko la Arlene la utotoni, kalisugua wiki nzima. Ni la Twyla. Si ndiye aliyempigia Duane, akamwambia habari za safari?"

Twyla. Kumbe ni Twyla.

Nikauliza kavuta na gari lipi.

"Lake! Kwani ana lingine?"

Lenye pacha wa gololi ile ndogo. Kasema Verl, upo? Ikabidi nimwambie habari ya gololi. Hakupiga kelele. Kauliza tu: "Umejua tangu lini?"

Nikasema jana. Kakata simu.

Twyla anasema hawajafika.

Labda Marlys anaongopa. Nimepita kwao kwanza, nikachungulia zizini kwa Duane. Nilikuwa naomba awe kaniibia! Naapa. Nimkute Juniper pale anakula nyasi, nimtukane Duane mpaka anikome. Farasi wake wawili tu. Wakanitazama.

Sasa naelekea magharibi, njia ya Lusk. Nimesimama kuweka mafuta, naandika juu ya usukani. Mama wa kituo kasema ndiyo, kawaona. Yule bwana kajaza tangi, kamlisha farasi karoti dirishani, anaongea naye kama mtu. Kauliza kama barabara ya vilimani wameshaziba mashimo.

Nikamuuliza, wameziba?

"Bado," kasema.

Nampigia Duane tena. Inaita. Inaita tu —